Kigoda cha Kupigia Magoti

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na nyingine zote, Mama Uzi alilala akiwa amepiga magoti, na mumewe akamwamsha kwa kijiko.

Ndivyo walivyozoea. Saa ya mezani ililia saa kumi na moja alfajiri. Mama Uzi akainyamazisha kwa kiganja, akawasha taa, akashuka kitandani, akapiga magoti kwenye kigoda chake pale dirishani. Alianza na shukrani. Akaja kwa binti yao na mume wa binti. Mjukuu na meno yake. Kaka yake, ambaye walikuwa hawasemezani. Mchungaji na kikohozi chake. Jirani wa kushoto, jirani wa kulia, fundi redio wa kona. Alipofika kwa muuza maziwa, sauti ikaanza kukokota miguu.

"Na yule wa maziwa, Bwana, yale maji anayo..."

Hapo paji la uso likatua ubaoni, chumba kikawa kimya.

Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejimiminia chai ya chupa. Alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Akamwacha mkewe apumue. Alipoona udenda umeanza safari, akagonga kikombe kwa kijiko mara tatu. Mama Uzi akainua kichwa, akasema "Amina" kama mtu aliyemaliza kazi ya kutwa.

Kisha akaenda kabatini. Upande wa ndani wa mlango wa kabati palikuwa na mistari minne ya chaki, ile chaki bapa ya kuchorea nguo kabla ya kukata. Akachukua kitambaa kibichi, akaifuta yote minne.

"Ya leo haihesabiki," akasema. "Kesho ndiyo ya kwanza."

Fundi akamuuliza swali lake la kila siku: je, yeye kwenye hiyo foleni atafikiwa lini? Mama Uzi akampa jibu. Fundi akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali, akaenda zake karakana na doa gotini. Jibu lenyewe tutalifikia.

Kesho yake saa ililia mpaka ikachoka. Mama Uzi hakuweza kuinua mkono wa kulia. Siku ya tatu, hospitalini, akafa kama alivyokuwa akiomba: katikati ya sentensi.

Aliitwa Mama Uzi kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na hakuna siku ambayo uzi haukumnasa mahali. Begani, kwenye nywele, siku moja kwenye kope, naye anamhudumia mteja kwa heshima zote. Mdomo wake pia ulijulikana. Mteja akilalamika kuwa nguo inambana, aliambiwa nguo haijabadilika, amebadilika yeye. Na miaka thelathini na moja iliyopita, kwenye msiba wa mama yao, Mama Uzi alimwambia kaka yake, mbele ya jeneza, maneno ambayo Fundi hajayarudia kwa mtu mpaka leo.

Jumapili iliyofuata msiba huo, Mama Uzi alirudi kutoka kanisani na karatasi. Mchungaji wa wakati ule alikuwa amewagawia wote. Fundi hakukaa shuleni hata siku moja, kwa hiyo alisomewa. Siku Arobaini za Mwanzo Mpya. Amka saa kumi na moja. Piga magoti. Shukuru. Ombea wengine kabla hujajiombea. Soma mistari michache. Usimseme mtu vibaya mpaka jua litue.

"Na likishatua?" Fundi aliuliza.

"Likishatua nitakuwa nimechoka," alisema mkewe.

Karatasi ilisema anayeteleza aendelee pale alipoishia. Mama Uzi hakuafiki. Yeye mshono ukienda kombo hasongi nao mbele. Anafumua wote, anaanza upya. Akajiwekea sheria: akisinzia kabla ya Amina, mistari yote inafutwa. Sheria hiyo hakupewa na mchungaji wala na Mungu, na ndiyo iliyomtesa miaka thelathini na moja. Siku arobaini hakuzifikisha hata mara moja. Kwa kawaida alikomea tatu, nne, tano akijitahidi, na hata siku hizo alikatiza orodha kwa muuza maziwa ili awahi Amina kabla usingizi haujamwahi. Mwaka mmoja alifika kumi na tisa, kwa msaada wa jino bovu lililomnyima usingizi. Jino likang'olewa. Siku ya ishirini akalala fofofo. Alimlaumu daktari wa meno wiki nzima, kabla ya jua kutua na baada ya hapo.

Mlango wa kabati ukawa mweupe kwa kufutwa. Fundi alijitolea kuupaka rangi. Akakatazwa.

Kigoda nacho kilikuja hivi. Mwanzoni Mama Uzi alipiga magoti kando ya kitanda, godoro likamshinda. Akamwomba Fundi amtengenezee kitu kigumu. Fundi akatengeneza: ubao wa magoti chini wenye miguu minne, nguzo mbili, ubao wa viwiko juu, vyote mbao tupu, hakuna sponji. Akalala. Fundi akakirudisha kigoda karakana, akapunguza miguu ya mbele kwa vidole viwili, ili anayesinzia ateleze, agonge kioo cha dirisha, aamke. Aliionea fahari sana kazi ile. Mama Uzi aligonga kioo siku tatu. Siku ya nne akawa amejifunza kulala kwenye mteremko.

"Wewe ungefaa kusafiri juu ya lori," Fundi alimwambia.

"Na wewe ungefaa kuwa askari jela," akajibiwa.

Kikabaki kijiko. Fundi mwenyewe hakujihesabu kuwa mtu wa sala. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa nyuma karibu na mlango, akaangalia jinsi dari ilivyopigiliwa ovyo. Lakini kama saa inalia na mwenye saa analala, mtu mmoja inabidi awe macho. Kila alfajiri, mvua au baridi, alikaa ukingoni mwa kitanda na kikombe chake, akasikiliza orodha, akangoja udenda. Hakukosa. Na hakuna aliyemchorea mstari.

Sifa ilianzia ng'ambo ya barabara. Nyumba iliyotazamana na yao ilikuwa ya Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Naye aliamka mapema, na kila alipofungua pazia aliona taa kwa jirani, na kivuli cha mtu aliyeinama, hatikisiki, nusu saa nzima. Akawaambia wenzake. Akina mama wakaja kwa Mama Uzi kumuuliza anawezaje. Akawaambia kweli tupu: mimi nalala tu, jamani. Wakatazamana, wakasema, hebu oneni unyenyekevu. Akajaribu tena mara mbili. Kila alipokanusha akazidi kupanda. Mwishowe alimwambia Fundi kuwa wao wawili wanyamaze tu. Watu wakishaamua kukutukuza, alisema, huwezi kuwatoroka, labda uibe kitu.

Basi wiki tatu baada ya mazishi, Mwenyekiti alivuka barabara na wenzake wawili. Walipomaliza pole zao, akasimama mbele ya kigoda. Ubao wa juu ulikuwa unang'aa pale paji la uso lilipokuwa likitua, na chini kidogo palikuwa na doa jeusi lililozama ndani ya mbao. Akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Miaka yote hii ya machozi," akasema, na yeye mwenyewe yakamlenga.

Fundi akawasogezea viti.

Wakamweleza mpango. Kanisa linaanzisha utaratibu wa kila siku kwa wanaotaka kuanza upya na Mungu, nao utaitwa kwa jina la marehemu. Uzinduzi ni Jumapili ijayo. Fundi atatengeneza vigoda kumi na viwili mfano wa kile, bila kuacha kitu, hata ile miguu mifupi ya mbele, ambayo Mwenyekiti alieleza kuwa inamfundisha mtu kuinama mbele za Bwana. Halafu Fundi atatoa ushuhuda. Kwa kuwa si mtu wa maneno, asijisumbue: Mwenyekiti ameshauandika na atausoma mwenyewe. Yeye asimame tu, na mwisho aitikie Amina.

Binti yao alikuja Jumamosi. Ndiye aliyemsomea zile kurasa nne. Walikuwa karakana, binti amekaa juu ya benchi la kurandia, Fundi akipiga randa mbao za kigoda cha kumi. Mama wa kwenye karatasi hakukosa alfajiri hata moja kwa miaka thelathini na moja. Hakuinua sauti. Hakumsema mtu. Alimtaja kila mshirika kwa jina, na alilia mpaka mbao ikabadilika rangi.

Fundi akaacha randa.

"Huyu mwanamke ni nani?"

Binti akacheka, kisha kicheko kikamgeuka njiani. Alipojifuta akamwambia baba yake awaache tu, kama mama mwenyewe alivyowaacha. Ni maneno mazuri. Wanampenda.

Fundi akasema hilo hana shida nalo. Ila ameshazika mke mmoja na bado hajajua aishi vipi. Kesho wakisoma habari za huyu mwingine, na yeye akaitikia Amina, basi yule wa kwake atakuwa hayupo tena mahali popote, hata kanisani. Binti akamuuliza: na ukisema alikuwa analala, wakamcheka?

Mama Uzi alikuwa na kiburi chake. Kucheka alicheka yeye, kuchekwa hakuzoea. Fundi akarudi kwenye randa, akafanya kazi mpaka mwanga ulipopungua, asijue vigoda vile anamtengenezea nani.

Jumapili kigoda cha Mama Uzi kiliwekwa mbele, kimefunikwa kitambaa cheupe. Vipya kumi na viwili vilipangwa ukutani, vinanukia vanishi. Mwenyekiti akasoma kurasa zote nne. Ana sauti nzuri, hilo hakuna anayemnyima. Watu walijifuta macho. Alipomaliza akamgeukia Fundi, akangoja.

Fundi alisimama. Ile Amina alikuwa nayo mdomoni, ameibana kwa midomo kama seremala anavyobana msumari kabla ya kuupigilia. Mkono wa binti yake ulikuwa umeshika koti lake kwa nyuma.

"Alikuwa analala," akasema.

"Mnaona," Mwenyekiti akawaambia watu kwa upole. "Unyenyekevu ule ule."

Basi Fundi akaenda mbele. Hakuwa amepanga. Akakiondoa kile kitambaa cheupe, akaweka kidole juu ya doa.

"Haya si machozi," akasema. "Ni udenda."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Fundi akawaeleza, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na mengi: saa, kijiko, miguu iliyofupishwa na kwa nini ilifupishwa. Akawaeleza habari za chaki. Alipofika kwenye jino, kanisa lilikuwa halizuiliki. Mchungaji mwenyewe amejificha nyuma ya kikohozi chake. Fundi akangoja wamalize. Alimtazama binti yake, akaona naye anacheka, machozi yanamtiririka, na hakujifuta.

Halafu akawaambia kuwa siku arobaini mkewe hakuzimaliza. Alizianza. Mara ngapi, hakuna anayejua, labda mlango wa kabati. Kila alipofuta, alikuwa na hasira mpaka kikombe cha pili cha chai, na mtu asimkaribie. Kesho yake saa ikilia, anashuka kitandani. Akawatajia orodha, mtu kwa mtu, kwa mpangilio wake mwenyewe, mpaka fundi redio wa kona, mpaka muuza maziwa na yale maji. Hapo akakoma.

"Hapa ndipo usingizi ulipokuwa ukimchukua," akasema. "Kila mara."

Kanisa zima likageuka. Muuza maziwa alikuwa benchi la pili kutoka mwisho, kofia mapajani, macho yamemtoka kama mtu aliyekutwa bombani na ndoo.

Fundi akarudi kwenye nafasi yake. Amina hakuitikia, na hakuna aliyemkumbusha. Mwenyekiti alizikunja karatasi zake mara moja, mara mbili, mpaka zikawa ndogo kama stempu, akatoka bila kumsalimu mtu.

Utaratibu wenyewe ulizinduliwa vile vile, kwa kuwa matangazo yalikuwa yameshabandikwa. Vigoda vyote kumi na viwili vilichukuliwa siku ile ile, na kile cha Mama Uzi kikarudi dirishani pake. Jumatatu akina mama wengine sita walipita karakana, mmoja mmoja, wakiuliza kwa kunong'ona kama bado anatengeneza vile vya kulalia. Na maziwa ya wiki ile yalikuwa mazito, mazito ajabu, yakichemka yanashika mtando juu. Wiki iliyofuata yakarudia hali yake. Fundi aliona kuwa hata hilo lingemridhisha mkewe: angekuwa bado na kazi ya kufanya.

Jumatano ya wiki hiyo, Mwenyekiti alivuka barabara peke yake. Alimkuta Fundi karakana, akapewa kiti, hakuketi. Akazungumzia mvua. Akazungumzia bawaba za mlango wake wa nyuma zinazolia. Kisha, akiwa ameangalia misumari mezani, akauliza kama yeye alikuwamo kwenye orodha.

Fundi alijua kwamba hapo angeweza kutia chumvi kidogo. Nani angembishia?

"Sijui, mama," akasema. "Kule mbele hakuwahi kufika."

Mwenyekiti akatikisa kichwa polepole, na sasa akaketi, mwili mzima. Akasema miaka ile yote mumewe akiugua, yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani kila alfajiri. Akimaliza anafungua pazia. Akikiona kile kivuli anajiambia, haya, sasa hivi anatutaja sisi. Ndipo anapata nguvu ya kuwasha jiko. Akasema bila kujihurumia, kama anavyosoma matangazo.

Fundi akammiminia chai. Mwenyekiti alipoondoka, Fundi akaahidi kwenda kuzitazama zile bawaba.

Kesho yake saa ililia saa kumi na moja. Fundi alikuwa macho tayari. Mwili haujaambiwa kuwa kazi imekwisha. Tangu mazishi alikuwa akikaa pale pale ukingoni, kikombe mkononi, akisikiliza chumba. Siku hiyo alikiweka kikombe chini. Akawasha taa, akaenda dirishani, akapiga magoti kwenye kigoda. Magoti yakalalamika. Miguu mifupi ikamsukuma mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Akajiuliza ni mjinga gani alitengeneza kitu hiki.

Sala nyingine hakuijua, akachukua ile ya mkewe. Asante. Binti na mume wa binti. Mjukuu na meno yake, ambayo sasa yameshaota yote, akashukuru kwa hayo. Kaka mtu, ambaye siku ya mazishi alibeba jeneza upande wa mbele na hakukubali kupokewa. Mchungaji na kikohozi. Jirani wa kushoto, jirani wa kulia, fundi redio. Muuza maziwa. Akayataja yale maji, akangoja usingizi. Haukuja.

Mbele ya hapo hapakuwa na njia iliyopitwa. Akamweka Mwenyekiti. Akamweka na mumewe, ingawa alikuwa ameshafariki, kwa kuwa hakujua sheria inasemaje. Ng'ambo ya barabara pazia likafunguka, mtu akasimama pale, akaangalia taa. Fundi hakutikisika, asije akamharibia.

Kisha akabaki yeye mwenyewe, na hakujua aanzie wapi. Akasema Amina kabla mambo hayajawa makubwa.

Akainuka kwa kushikilia fremu ya dirisha, akafungua kabati. Chaki ilikuwa mahali pake. Mtu ambaye amechora mistari juu ya mbao maisha yake yote, huu mmoja ulimtoka umepinda. Akauacha hivyo hivyo. Akakichukua kikombe chake, akaketi ukingoni mwa kitanda, na hapo ndipo jibu la asubuhi ile likamrudia, lile lililomwagia chai suruali. Alikuwa amemuuliza mkewe: mimi utanifikia lini, miaka thelathini na moja niko nyuma ya maziwa? Mama Uzi alikuwa bado ameshika kile kitambaa kibichi, uzi mweupe umemnasa kwenye nyusi. Hakugeuka hata kumtazama. Akasema:

"Tulia hapo hapo, baba. Kesi yako ni ndefu, nimeiweka mwisho nisije nikaiharakisha."